Nyungunyungu wa Kipande cha Nne

Jumatatu, 12 Mei 2025

Alhamisi ya wiki ijayo anakuja bibi shamba. Nimeshaanza kuhesabu siku.

Niandike mambo yalivyo, ili yakiniharibikia niwe na mahali pa kulalamikia. Shamba ni la Bernadina, mke wangu. Aliachiwa na marehemu mama yake, hapa hapa Didia. Udongo wake ni luseni, mchanga mtupu, na umelimwa pamba na mahindi mpaka umechoka. Mwaka juzi mahindi yalifika magotini, yakakata tamaa. Boaz, kaka yake Bernadina, analitamani shamba hilo kwa ajili ya pamba yake. Ana ng'ombe wengi, ana plau, ana kila kitu. Mimi nilirudi kutoka machimboni Geita na tochi ya kichwani na kikohozi.

Ndipo akaja bibi shamba Aneth na mbegu zake za kufunika udongo. Nikajitokeza wa kwanza. Tukagawa shamba vipande vinne. Cha kwanza kitupu: mahindi yakivunwa, basi, hakuna kitu, ili vingine vilinganishwe nacho. Cha pili marejea, mmea wa kurutubisha udongo, peke yake. Cha tatu fiwi, yale maharage yanayotambaa, na uwele. Cha nne mchanganyiko wa kila kitu: fiwi, marejea, kunde, uwele na alizeti, vyote kitanda kimoja. Sharti lake lilikuwa jepesi. Mbegu zikishaota, hakuna kutia mbolea, hakuna kuchokonoa, mpaka aje apime mwenyewe.

Kipande cha nne ndicho nilichokipigia debe. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema udongo wake utakuwa kama keki. Keki! Mdomo huu utaniua.

Leo Bernadina alikuwa anapepeta choroko. Hakupaza sauti. Alisema, "Baba Nelly, mimi sitaki ugomvi. Bibi shamba akichimba akakuta kipande chako cha nne kimekipita kile kitupu, shamba endelea nalo. Akikuta ni yale yale, analichukua Boaz. Mimi naamini jembe."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikaenda nyuma ya choo, nikawa na wasiwasi peke yangu.

Jioni nimechimba kidogo kwenye kipande cha nne, kwa siri. Kuchungulia si kuchokonoa. Bibi shamba alishatuambia udongo wenye afya una nyungunyungu. Nimechimba, nimechimba. Hakuna hata mmoja. Nimekuta ng'e. Sidhani kama ng'e anahesabika.

Jumanne, 13 Mei

Nimeamua kufanya kipimo cha maji mwenyewe. Unachukua kopo la maziwa ya unga, unalikata juu na chini, unalididimiza ardhini, unamimina maji, unaangalia ardhi inavyoyanywa. Bibi shamba alituonyesha. Nililala siku ile lakini niliona mwisho wake.

Kipande cha kwanza, kile kitupu: maji yalikaa ndani ya kopo yakiniangalia. Nzi alikuja akanywa, akaondoka, maji bado yapo.

Kipande cha nne: nimemimina, yakazama. Yote! Nikamimina tena, yakazama tena. Moyo ulinipasuka. Kule machimboni maji yakikimbia namna hiyo, chini kuna tundu, na penye tundu watu huanza kukimbia. Nimejua papo hapo. Panya! Wametoboa chini ya kipande changu. Nikalihamisha kopo hatua chache. Yakazama. Nikalipeleka hadi ukingoni karibu na miiba. Yakazama. Panya kila mahali. Nimefuga mji wa panya chini ya fiwi zangu, na bibi shamba anakuja na kopo lake.

Nimetega mitego yote niliyoipata, na miwili ya kuazima.

Boaz alipita na ng'ombe wake akaniuliza nategea nini. Nilimjibu kanga. Akasema kanga hawawezi kuja shambani kwangu, maana nao wana wazazi wanaowaonya. Kisha akaenda zake. Ana maneno huyu mtu.

Jumatano, 14 Mei

Mitego imenasa kidole changu cha mguu. Panya, hata mmoja hakuna. Panya wajanja sana hawa.

Wasiwasi wa pili: ng'ombe. Huku kwetu ukishavuna, shamba ni la ng'ombe wa kila mtu. Wanaingia, wanakula mabua, wanaacha samadi, hakuna anayeuliza. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Sasa mashamba yote yamevunwa, yamekauka, na langu peke yake ni la kijani, nimelizungushia miiba. Naonekana mchoyo. Leo nimemwamkia Mzee Makoye, yule mwenye mbuzi, shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye fiwi, kama mgeni aliyesikia harufu ya nyama jikoni akaambiwa chakula ni mlenda.

Nimeshinda shambani na fimbo nikilinda. Cha ajabu, hakuna kundi lililoingia. Wanafika karibu, wachungaji wanapiga mluzi, ng'ombe wanageuka. Jana vivyo hivyo. Hili halinipi amani hata kidogo. Watu wasipokufanyia ubaya ulioutegemea, ujue wanakuandalia mkubwa zaidi.

Bernadina ameniuliza mbona sili. Nimesema nimeshiba mawazo. Akamega ugali wangu akala.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeokoka!

Donatus amepiga simu kutoka Buseresere. Huyu tulichimba naye duara moja, shimo moja la dhahabu, kule Geita. Sasa anauza vipuri vya pikipiki na mchana kutwa hana mteja, kwa hiyo ana muda wa kufikiri. Nimemweleza yote: jembe, nyungunyungu, panya, Boaz. Alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaniuliza kama nimesahau tulivyokuwa tunafanya na mawe hafifu.

Sijasahau. Mnunuzi akija kuangalia mawe, na mawe hayana kitu, unayapamba. Unachukua vumbi la dhahabu kidogo tu, unalisugulia kwenye nyufa, unayapanga yale yaliyopambwa juu, unamwachia mnunuzi agundue mwenyewe. Donatus anasema mtu hukuta alichokuja kukitafuta, mradi uwe umemtangulia.

Basi! Bibi shamba anakuja kutafuta nini? Nyungunyungu na udongo mweusi. Nitamtangulia.

Ni kweli kwamba kila Donatus alipojaribu mchezo huo alikamatwa, na mara moja alitoroka machimbo ya Nyarugusu akiwa amevaa kanga ya mama lishe. Lakini Donatus ana haraka. Mimi ni mtu wa mipango.

Nimekula sahani mbili za ugali. Halafu nikakumbuka: nyungunyungu nawapata wapi mwezi wa tano? Sahani ya tatu nikairudisha.

Jumamosi, 17 Mei

Siku mbaya.

Nyungunyungu wapo kwa Mama Apolonia, jirani yetu, kwenye bustani yake ya mchicha anapomwaga maji ya vyombo. Huyu ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na huwezi kuingia kwake bila kueleza. Nilimwambia naomba nyungunyungu wachache, naenda kuvua lamboni. Uongo mdogo, safi, hauna madhara. Akanichimbia mwenyewe, kopo likajaa. Nilipofika nyumbani, Wiliam, mwalimu wa shule yetu, alikuwa mlangoni na ndoano yake. Amesikia naenda kuvua. Nyuma yake Boaz, na ndoano mbili.

Ningefanyaje? Nimekwenda kuvua.

Lambo lenyewe limeanza kukauka, maji rangi ya chai ya maziwa. Tukakaa. Boaz akachukua nyungunyungu wangu mmoja mnene, akamtoboa. Nilihisi ndoano imeingia kwangu. Akatoa kambale. Akachukua mwingine. Kambale mwingine! Kila kambale alikuwa robo ya kipande changu cha nne inayoondoka. Nilijaribu kumwambia atumie vipande vya ugali, akasema kambale wa Didia si wajinga. Wiliam naye akawa anawatumia wawili wawili kwa sababu wake walikuwa wanachomoka. Mimi nilitia ndoano tupu majini, ili kuokoa. Sikupata kitu, na mwalimu alinifundisha namna ya kuvua mpaka jua lilipokwenda upande.

Nimerudi na nyungunyungu wachache sana, tena dhaifu. Boaz amemletea dada yake kambale mkubwa kuliko wote. Bernadina amempika kwa nazi na kumsifu kaka yake wakati wa kula, baada ya kula, na wakati wa kuosha vyombo. Kambale alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 18 Mei

Naandika nikiwa kitandani. Sitaki kuandika lakini nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi nilimwambia Bernadina tumbo linauma, siwezi kwenda misa. Haukuwa uongo mzima. Alinitazama, akanifunika shuka, akaenda. Karibu kijiji kizima kilikwenda. Hapo ndipo mtu wa mipango huamka.

Kwanza bustani ya Mama Apolonia. Nilichimba kwa mikono. Mashina machache ya mchicha yaling'oka lakini niliyasimika tena, na kwa mbali yalionekana yapo hai. Makopo mawili yamejaa. Pili, zizi la Boaz. Ng'ombe walikuwa malishoni. Nimepakia samadi kwenye toroli, nyeusi, iliyooza vizuri, nikaipeleka kipande cha nne na kuifukia katikati, pale ambapo mtu yeyote mwenye jembe angependa kuchimba. Toroli baada ya toroli. Jasho. Magoti. Juu yake nikamimina nyungunyungu wa kopo la kwanza. Nikafunika, nikarudisha majani. Hata mimi nilidanganyika.

Nilikuwa nimerudi nyumbani na kopo la pili, nichukue maji ya kulinyunyizia, niliposikia nyimbo.

Jumuiya! Bernadina aliwaambia kanisani mume wake anaumwa. Walikuwa wanakuja kunitazama, wote, wamevaa vitenge vyenye picha ya mtakatifu wa jumuiya, Mama Apolonia mbele na chupa ya uji.

Niliruka kitandani nikiwa na gambuti miguuni. Samadi mpaka magotini. Shuka mpaka kidevuni. Kopo nikalivuta nalo ndani kwa sababu sikuona pa kulificha.

Wakaingia, wakajaa chumba. Wakasali. Katikati ya Salamu Maria mtu mmoja akakohoa, kisha mwingine, kisha Mama Apolonia akafungua dirisha bila kukatisha sala. Bernadina alianza kulia machozi. Alininong'oneza kwamba hakujua hali ni mbaya kiasi hiki, na kwa nini sikumwambia. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Ndipo nyungunyungu mmoja alipotokea. Mrefu, mwekundu, anatambaa juu ya shuka jeupe akielekea kifuani kwangu bila haraka. Chumba kizima kilimwona. Mama Apolonia akapiga ishara ya msalaba, akasema, "Minyoo. Nilijua. Macho yake ni ya manjano tangu siku nyingi."

Wamenipa dawa ya minyoo. Nimeimeza mbele yao, na uji juu yake, na wameimba wimbo wa shukrani. Wameniachia dozi ya kesho.

Jumatatu, 19 Mei

Asubuhi nzima chooni. Siandiki zaidi kuhusu hilo.

Mchana nikajikokota shambani. Yangeyange! Ndege weupe wale wanaofuata ng'ombe, kundi zima, wametua shambani kwangu. Si kwenye kipande cha kwanza. Si cha pili, si cha tatu. Wote katikati ya cha nne, wanachokoa. Mmoja alikuwa na kitu kirefu mdomoni, na nilikitambua.

Nimewafukuza na blanketi. Wanaruka, wanazunguka, wanatua. Nimekimbia mpaka nimeona nyota mchana. Boaz alisimama nje ya miiba, mikono nyuma. Aliniuliza imekuwaje ndege hawa, ambao hawajawahi kutua hapa, leo wamekuja kama wamealikwa. Nilimweleza, huku nahema, kwamba ni dalili ya udongo wenye afya. Kwamba sayansi inasema hivyo.

Alivuta hewa puani mara mbili, kama mtu anayejaribu kukumbuka alishawahi kuinusa wapi harufu hiyo. Sijapenda alivyoivuta.

Nimeongeza majani juu. Usiku huu sitalala, najijua.

Alhamisi, 22 Mei

Imekwisha. Niandike kwa utaratibu.

Bibi shamba Aneth alifika na pikipiki yake, gambuti, jembe na kopo. Bernadina alikuwepo, amejifunga kitenge kipya. Boaz, Wiliam, Mama Apolonia, Mzee Makoye, na wakulima wengine.

Kipande cha kwanza, jembe liligonga likarudi. Cha pili, bibi shamba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Cha tatu, akaridhika zaidi. Kila alipotikisa kichwa nilimwangalia Bernadina, naye alikuwa anaangalia jembe.

Kipande cha nne nilimwongoza mwenyewe. Nilimpeleka katikati. Alisema yeye huchimba popote. Nikasema hata mimi, lakini popote pazuri ni pale. Akanitazama. Akachimba.

Udongo mweusi kama lami. Watu wakasema eeh. Kwa muda mfupi, nakiri, nilikuwa mtu mwenye furaha. Kisha jembe likageuza bonge la pili, na hapo walikuwa nyungunyungu waliobakizwa na yangeyange. Wote mahali pamoja. Wamekufa, wamekauka, bado wamejikunja kwa umbo la kopo walilotokea. Katikati yao kulikuwa na mzizi wa mchicha. Mama Apolonia aliuokota, akaugeuza, kisha akanigeukia mimi. Sikumwangalia, lakini upande ule wa uso wangu ulichomwa.

Boaz alichuchumaa. Alimega samadi, akaipasua kwa vidole. Ndani kulikuwa na maganda ya mbegu za pamba. Kijiji chote kinajua ni nani peke yake anayelisha ng'ombe wake maganda ya kiwandani wakati wa kiangazi. Hata kupiga kelele hakupiga. Alisema, "Shemeji, hii imetoka zizini kwangu."

Bibi shamba akaniuliza kama niliweka mbolea. Nilisema labda ng'ombe walipita wakajisaidia. Boaz akasema hakuna ng'ombe aliyepita. Tangu mavuno amewazungukia wachungaji wote, mmoja mmoja, akiwaomba wakae mbali na miiba yangu, na ng'ombe wake mwenyewe anawapeleka mbali kwa sababu hiyo hiyo. Alitaka shamba, ndiyo, hajaficha. Lakini alitaka dada yake aone jembe likisema kweli.

Bibi shamba alisema kipande kilichotiwa mbolea hakiwezi kupimwa na kuaminiwa, na msimu mzima umepotea hapo. Alikuwa na huzuni kweli, si ya kazi. Akauliza ile mitego ni ya nini. Sikuwa na nguvu ya kudanganya tena, nikamweleza panya wote: nilivyomimina maji, yalivyokimbia, hadi ukingoni kabisa. Akaniambia nimwonyeshe ukingoni. Huko samadi haikufika, mgongo ulishanikataa. Akakita kopo, akamimina. Maji yakazama kama siku ile. Nikasema, unaona? Panya!

Akachimba taratibu. Hapakuwa na tundu. Palikuwa na udongo wenye unyevu, mwezi wa tano, wakati kijiji kizima ni vumbi. Ulivunjika mkononi mwake laini, umejaa mizizi, ile ya marejea iliyokwenda chini na ile ya uwele nyembamba kama nyuzi. Akamkabidhi Bernadina bonge lile. Kisha akaniambia, "Hakuna panya, Baba Nelly. Udongo mzuri ndivyo unavyokunywa maji. Ulikuwa umeshashinda kabla hujafanya chochote."

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba basi, kama nilikuwa nimeshinda, nimeshinda.

Bernadina alikuwa bado ameshika lile bonge. Alisema, "Mbegu zimeshinda. Wewe hapana."

Halafu akatoa hukumu yake, palepale, watu wanasikia. Msimu ujao shamba lote litapandwa mchanganyiko, na atakayelisimamia ni Boaz. Boaz akasema pamba atalima kwake, hapa atapanda kama dada anavyotaka. Hakutabasamu. Ningefurahi angetabasamu. Bibi shamba akakumbusha kipande cha kwanza kibaki vilevile kitupu, vinginevyo hakuna cha kulinganisha nacho. Bernadina akasema hicho ndicho changu. Kazi yangu ni kutokifanyia kitu. Nikiweza kukiacha msimu mmoja bila kukigusa, tutazungumza habari ya shamba upya.

Watu walipoondoka nilibaki nikitegua mitego. Nimelia kidogo. Nilikuwa na shamba zuri mkononi, nikalichimbua mwenyewe.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda kumwomba radhi Boaz. Alinipokea, akanipa kiti na maziwa ya mgando. Alisema yamekwisha. Nimekwenda kwa Mama Apolonia pia. Yeye hajasema yamekwisha. Amenipa jembe, nimelima tuta lote la mchicha, na kila aliyepita njiani alisimulia habari ya minyoo kwa mwenzake, nikisikia.

Bernadina hanisemeshi, ila kwa mambo ya maji na kuni. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Kitanda kina kitu kama mpaka katikati. Naogopa zaidi kuliko nilivyomwogopa bibi shamba.

Jumapili, 25 Mei

Nimetafakari siku mbili. Mtu mzima lazima ajue alipokosea, na mimi sasa najua.

Nilikosea kutumia samadi ya ng'ombe. Samadi ya ng'ombe ina ushahidi ndani. Ya mbuzi haina! Mbuzi anakula chochote, popote, na anatoa vipunje vidogo vilivyo sawasawa, hakuna anayeweza kusema hiki ni cha nani. Na nyungunyungu sitaki tena kuwaona. Sitahitaji.

Fikiria. Macho ya watu wote yatakuwa kwenye mchanganyiko wa Boaz. Nani atalinda kipande kitupu? Hakuna. Sasa kipande kitupu, ambacho hakina mbegu, hakina kitu, kikianza polepole kuwa cheusi, kikawa laini, mahindi yake yakayapita ya Boaz, hapo shamba linamfaa nani? Si yule ambaye ardhi inamtii hata asipofanya kitu? Sijui kwa nini sikuona hili mapema. Moyo unadunda ninapoandika, lakini ni mdundo mzuri. Karibu wote ni mzuri.

Mzee Makoye haendi kanisani, na zizi lake la mbuzi lina miaka halijasafishwa. Nimekubaliana naye asubuhi hii, akidhani namsaidia uzee.

Kabla ya kwenda misa Bernadina alisimama mlangoni. Aliniuliza leo nitafanya nini. Nilimjibu: sifanyi kitu, ndiyo kazi niliyopewa. Kisha akanishika bega, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, akaniambia nikiweza hivyo atajua bado ana mume. Mkono wake ulikuwa wa joto. Nikatazama chini.

Ameshapita kona ya zahanati. Natafuta gunia la pili.